Chanjo kwa wazee: Fimbo ya mbali haiui nyoka

Aghalabu tunapozungumza kuhusu wazee wanaokataa chanjo, huwa tunawahukumu kwa neno moja tu: ujinga. Husemwa kwamba hawakusoma, kwamba wametawaliwa na imani za kale, na kwamba laiti wangalielezwa jinsi chanjo inavyoukinga mwili, wangalijitokeza wote bila kusita. Mimi nimeketi na wazee barazani na matangani kwa miaka mingi, nami sikubaliani na hukumu hiyo. Mzee hapimi neno peke yake. Humpima na msemaji. Kabla ya kuuliza ndani ya sindano mna nini, huuliza aliyeileta ni nani, na je, siku ya msiba wangu mtu huyu alikuwa wapi?

Lugha yetu yenyewe ni shahidi. Neno chanjo latokana na kitenzi kuchanja, yaani kukata ngozi kidogo kwa wembe au kisu. Kabla ya hospitali kuenea, mganga aliwachanja watu chale na kuzipaka dawa. Kwa hivyo fikra ya kutia kinga mwilini kupitia ngozi si ngeni kwa wazee wetu. Lililobadilika ni mkono ulioushika wembe. Mganga alikuwa jirani. Alijulikana kwa baba na mama, na dawa yake ikidhuru, alijua fika kwamba angekutana na jamaa za mgonjwa kisimani au sokoni. Mgeni anayefika kwa gari asubuhi na kuondoka jioni hana dhamana ya aina hiyo.

Wala hofu ya chanjo si ya wazee wala ya watu wa mbali na hospitali pekee. Mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, kijana aliyekuwa mpishi katika hospitali ya mji wa Merca, Somalia, mwaka 1977. Chanjo ilikuwa karibu naye, lakini aliogopa maumivu yake. Kwa bahati njema alipona, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani (WHO) likatangaza kwamba ndui imetokomezwa. Miaka mingi baadaye Maalin alijiunga na kampeni ya chanjo ya polio nchini mwake, akawa akiwasimulia wazazi waliosita yale yaliyompata. Alifariki mwaka 2013 akiwa angali katika kazi hiyo. Maneno ya mtu kama huyo hayana haja ya shahada. Uzito wake watokana na mwili wake mwenyewe, na lugha anayozungumza na wasikilizaji wake.

Hapa nchini, mpango wa taifa wa chanjo ulioanzishwa mwaka 1980 uliwalenga watoto na akina mama wajawazito. Hilo lilikuwa jambo la busara, lakini liliacha alama katika fikra za watu. Bibi anaujua mlango wa kliniki. Aliupitia akiwa mja mzito kudungwa ya pepopunda, akaupitia tena na watoto mgongoni. Babu, kwa upande wake, huenda hakuchanjwa tangu enzi za ndui. Kwake yeye kliniki ni mahali pa mama na mwana. Ukimwambia leo aende akachanjwe, ni kama umemwambia arudi utotoni.

Ndivyo mambo yalivyokuwa korona ilipotufikia. Dozi za kwanza za chanjo, zaidi ya milioni 1, ziliwasili nchini mwezi Machi 2021. Wahudumu wa afya, walimu na maafisa wa usalama walitangulizwa, na kabla ya mwezi huo kwisha mlango ukafunguliwa kwa watu wenye umri wa miaka 58 na zaidi. Sababu ilikuwa wazi: kinga ya mwili hufifia umri unaposonga, na ugonjwa ule uliwaelemea wazee kuliko vijana. Redio zilitangaza asubuhi na jioni. Hata hivyo, wazee wengi walibaki majumbani.

Nitaeleza niliyoyaona mwenyewe. Katika chama kimoja cha akina mama wakongwe, mweka hazina alichanjwa kwanza. Mkutano uliofuata hakuhutubu. Alisema tu kwamba mkono ulimuuma siku mbili, kwamba usiku wa kwanza alipata homa, kisha akaamka akaenda shambani kama kawaida. Wenzake wakapanga siku, wakaenda pamoja. Yule mwenye miguu dhaifu alipelekwa kwa bodaboda iliyolipwa kutoka mfuko wa chama. Mfuko huohuo ndio uliokuwa ukinunua sanda na kulipa karo.

Upande mwingine wa kijiji, mzee aliyekuwa akiugua moyo kwa miaka mingi alifariki siku chache baada ya kudungwa. Kabla ya kaburi kufukiwa, matanga yalikuwa yamekwisha kukata shauri: sindano ndiyo iliyomuua. Yeyote anayewachanja wazee wengi ajue kwamba baadhi yao watafariki juma hilo kwa maradhi mengine, kama ambavyo wangalifariki bila chanjo. Kulitambua hilo kunahitaji mtu wa kulieleza kwa upole, pale pale, baina ya waliofiwa. Wakati ule mtu huyo hakuwepo. Uvumi ukapita katika njia zile zile zinazopitisha habari za harusi na za mavuno, na baraza nzima ya wanaume ikaapa kutokwenda.

Basi mafungamano ya jamii ni kama mfereji: hupitisha maji safi, na hupitisha taka. Mwaka 2014 maaskofu wa Kanisa Katoliki nchini walipinga hadharani kampeni ya chanjo ya pepopunda kwa wanawake, ingawa Serikali na WHO zilisisitiza kwamba ilikuwa salama. Mwaka 2021 kikundi cha madaktari Wakatoliki kilipowaonya watu dhidi ya chanjo ya korona, maaskofu ndio waliojitokeza kusema kwamba chanjo hiyo yakubalika. Mimbari ni ile ile, na waumini ni wale wale. Anayepanga kampeni ya afya bila kuketi kwanza na mapadri, maimamu, wachungaji na wazee wa mtaa anajenga nyumba juu ya mchanga.

Wako wanaoamini kwamba amri ingetosha. Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba kuanzia Desemba 21 asiyechanjwa hangehudumiwa katika afisi za umma. Mahakama Kuu iliisimamisha amri hiyo kabla ya siku yenyewe kufika. Hata kama isingesimamishwa, nina shaka na faida yake kwa wazee. Mtu aliyekwisha kushuku nia yako hatakuamini zaidi kwa kuwa umemtisha. Atasema: kama ni heri, mbona nalazimishwa?

Wahenga walinena kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Tangazo la redio ni fimbo ya mbali. Ya karibu ni jirani. Kwa sababu hiyo nilifurahi Septemba 2023 Serikali ilipozindua kikosi cha wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, watu wanaotembelea nyumba za vijiji vyao wenyewe. Lakini jirani huyo asibishe hodi siku ya chanjo tu. Aje pia kupima shinikizo la damu, aje kuhani msiba, na aseme ukweli wote, ikiwemo homa na maumivu ya mkono. Mzee aliyetahadharishwa kuhusu homa hujua kwamba itapita. Asiyetahadharishwa huamka na ushahidi wa kuwatisha wenzake.

Ninayemhofia zaidi si mzee mbishi. Mbishi ana watu wa kubishana naye, na anayebishana leo aweza kushawishika kesho. Namhofia mzee mpweke, ambaye wanawe wako mjini, hana chama, na miguu haimfikishi tena msikitini wala kanisani. Huyo hakukataa chanjo. Hakuna aliyemwambia, wala wa kumshika mkono. Huyo ndiye tungepaswa kumtafuta kwanza.

Hapa ndipo walimu na wanafunzi wanapohitajika. Katika vijiji vingi mwalimu ndiye msomi anayezikwa na kuzika pamoja na watu wake, na mwaka 2021 alikuwa miongoni mwa waliopewa nafasi ya kwanza ya kuchanjwa. Akisema, "Nilichanjwa, na haya ndiyo yaliyonipata," atasikizwa kuliko bango. Mwanafunzi naye ana kazi yake. Wakati ule wa kujiandikisha kwa mtandao wa intaneti, wajukuu ndio waliowajazia babu na nyanya zao fomu kwenye simu. Lakini mjukuu asiende kwa mzee kama mhadhiri. Aanze kwa salamu na heshima, amwulize habari za ndui, asikilize mpaka mwisho, ndipo aseme lake. Mzee aliyesikizwa naye husikiza.

Maradhi mengine yatakuja, na chanjo nyingine zitaletwa. Mafungamano hayanunuliwi siku ya dharura. Hujengwa wakati wa afya, kwa kutembeleana na kusaidiana, na anayetaka kuwakinga wazee kesho hana budi kwenda kuwajulia hali leo.