Maji ya Dagoni

Wanachama wenzetu, msimu ukikaribia twahesabu majamvi, kamba na magunia, lakini maji ya dagoni hatuyahesabu. Mchumaji hushuka mkarafuuni ana kiu, akachota mtungini. Na kisima kilichojaza mtungi ule kipo bondeni, chini ya choo.

Wengine husema, wapeni sharubati. Sharubati ni maji yale yale yaliyotiwa ndimu na sukari, na barafu vivyo hivyo. Chai ya mkandaa ni mbali, maana imepita motoni. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua mamia ya watu karibu na Broad Street, London. Daktari John Snow akakuta kwamba katika kiwanda cha bia cha mtaa ule ule hakufa mfanyakazi hata mmoja. Walikuwa wakipewa bia, ambayo huchemshwa inapopikwa, wala hawakunywa maji ya pampu ya mtaani. Hatumwambii mtu anywe pombe, twataja moto.

Dafu likikatwa na kunywewa papo hapo halina neno, lakini wachumaji thelathini hawanyweshwi madafu kutwa.

Basi maji yachemke, yatokote dakika 1 nzima, yapoe yakiwa yamefunikwa, na kata iwe na mpini mrefu ili vidole visiingie mtungini. Kuni ni gharama, twajua. Lakini mchumaji anayehara hapandi mti, na karafuu haimngoji: ikishachanua, bei yake imeshuka. Mwenye kukosa sufuria kubwa aazime kwa jirani sasa, kabla jirani naye hajaanza kuchuma.