GARI GANI ITAVUTA NYUMBA HII?



Profesa wetu wa fizike aliingia darasani siku moja na simu yake mkononi, akasema: «Leo hatufungui kitabu. Leo tuna kazi ya kweli.» Mkubwa wetu mmoja, aliyemaliza masomo hapa hapa katika seksio ya mekanike, alikuwa amemwandikia kutoka Marekani. Kule yeye ni fundi wa kuunga vyuma. Kazi yake ni ya kuhama: miezi minne mahali hapa, miezi sita mahali pengine, na bibi yake pamoja na watoto watatu wanabaki nyuma peke yao. Alichoka na maisha hayo. Basi akapata nyumba ya magurudumu, remorke kubwa yenye vitanda, jiko na choo, ili jamaa yote ihame pamoja naye. Remorke alikwisha kuinunua. Gari ya kuivuta ndiyo ilikuwa shida. Mwuza-magari alimwambia: «Chukua hii, inavuta kilo 7,500, nyumba yako haifiki hata 6,000.» Mkubwa wetu akatoa dola 500 za kwanza. Lakini usiku hakulala vizuri. Akaandika: «Mwalimu, unipimie hesabu. Ndani ya hii gari watakuwa watoto wangu.»

Sisi wa darasa la sita tulipima hesabu hiyo siku mbili. Tunaona vema kuwaeleza ninyi wote, sababu fizike yake ni ile ile ya darasa la tatu na la nne.

1. Jina lake limetoka wapi?

Remorke ya namna hii Wamarekani wanaiita «gurudumu la tano». Mtu akiihesabu magurudumu hataliona hilo la tano. Jina ni la zamani, la wakati wa magari ya farasi. Gari ya farasi ilikuwa na magurudumu manne, na juu ya ekseli ya mbele waliweka duara la chuma lililolala kama sahani, ili ekseli ile iweze kugeuka kuume na kushoto. Duara hilo ndilo gurudumu la tano.

Kiisha motere zilikuja. Mwaka 1914, katika mji wa Detroit, fundi wa magari ya farasi jina lake August Fruehauf aliombwa na mfanya-biashara wa mbao, Frederic Sibley, amtengenezee kitu cha kubeba mashua nyuma ya gari ndogo ya Ford. Fruehauf akatengeneza remorke ambayo mbele haina magurudumu, bali inaegemea mgongo wa gari inayoivuta. Ninyi mnaijua namna hii. Yale malori marefu yanayobeba shaba kupita Lubumbashi kwenda Kasumbalesa yamefungwa vivyo hivyo: chini ya remorke kuna msumari mnene wa chuma, karibu sentimetre 5 za unene, unaoingia katika sahani iliyo juu ya lori. Nyumba ya mkubwa wetu iko hivyo hivyo, tofauti ni kwamba inavutwa na kamioneti, na sahani imefungwa ndani ya karoseri.

2. Kwa nini katikati ya mgongo, si mkiani?

Remorke ndogo zinafungwa nyuma kabisa, kwenye mkia wa gari. Tutazame kwa hesabu ya mizani, ile ya ubao wenye watoto wawili.

Tuseme kutoka ekseli ya mbele hata ekseli ya nyuma kuna metre 4, na mkia uko metre 1.4 nyuma ya ekseli ya nyuma. Remorke inakandamiza mkia kwa kilo 600. Ekseli ya nyuma ndiyo egemeo. Basi 600 mara 1.4, gawanya kwa 4, tunapata 210. Maana yake ekseli ya mbele inapunguziwa kilo 210, na ya nyuma inabeba 810. Gari inainua pua. Na magurudumu ya mbele ndiyo ya kuongoza! Shofere anageuza usukani, lakini mipira haishiki barabara vizuri.

Sasa tuweke kilo zile zile 600 sentimetre 10 mbele ya ekseli ya nyuma. Ekseli ya mbele inaongezewa kilo 15, ya nyuma inabeba 585. Pua inabaki chini. Tena upepo ukipiga remorke ubavuni, haiwezi kutikisa gari sana kama ile ya mkiani. Ndiyo sababu nyumba kubwa na nzito zinatengenezwa kwa namna ya gurudumu la tano.

Lakini faida hii ina bei yake. Remorke ya mkiani inakandamiza gari kwa sehemu 10 mpaka 15 kwa mia za uzito wake. Ya gurudumu la tano inakandamiza kwa 15 mpaka 25 kwa mia. Hapo ndipo watu wengi wanadanganyika.

3. Kuvuta ni jambo moja, kubeba ni jambo lingine

Mwuza-magari alisema neno la kweli: motere ile inavuta kilo 7,500. Lakini punda anaweza kukokota gogo ambalo mgongo wake hauwezi kulibeba. Gari nayo ina nguvu mbili: nguvu ya kukokota, na nguvu ya mgongo, ndiyo chemchemi, ekseli, mipira na vyuma vya chini.

Nguvu ya mgongo inaandikwa wapi? Kule Marekani, ukifungua mlango wa shofere utaona karatasi iliyobandikwa. Inasema watu na mizigo pamoja wasipite kilo fulani. Hesabu hiyo ni ya gari ile yenyewe, si ya gari nyingine yenye jina moja nayo. Tulimwomba mkubwa wetu apige picha. Karatasi ilisema: kilo 1,020.

Remorke yake tupu ina kilo 4,600, na mwisho wa uzito ulioandikwa ubavuni ni 6,000. Mwuza-magari alikuwa amehesabu kwa remorke tupu. Lakini nani anahama na nyumba tupu? Maji, sufuria, nguo, vitabu vya watoto, hewa ya jiko, vyote vina uzito. Basi tukachukua 6,000 na sehemu 20 kwa mia:

Uzito juu ya msumari: kilo 1,200
Baba, mama na watoto watatu: kilo 260
Sahani ya kufungia: kilo 90
Vyombo vya kazi: kilo 150
Jumla: kilo 1,700

Karatasi inaruhusu 1,020. Kumbe gari itazidishwa kilo 680! Darasa zima lilinyamaza. Mmoja wetu akauliza: «Lakini itaondoka?» Profesa akajibu: «Itaondoka vizuri sana. Kuondoka si shida. Shida ni kusimama, na mpira kupasuka katika joto, na ekseli kuvunjika kwenye mteremko.»

4. Aina za gari

Kamioneti hizi nzito zinatengenezwa na Ford, Ram, Chevrolet na GMC. Namba yake inasaidia kujua ukoo wake. Ford wanaandika 250 na 350. Wengine 2500 na 3500. Gari iliyoonyeshwa mkubwa wetu ilikuwa ya ukoo wa 2500, yenye motere ya mazutu.

Tulifikiri motere ya mazutu ni bora kila mara. Ni kweli inavuta kwa nguvu hata ikizunguka polepole, na turbo yake inaisaidia milimani ambako hewa ni nyepesi. Lakini motere yenyewe ni nzito kupita ile ya esanse kwa mamia ya kilo. Kilo hizo zinakula nafasi ya mzigo. Gari mbili za namba moja, moja ya mazutu, nyingine ya esanse: ya esanse mara nyingi inaruhusiwa kubeba zaidi, ingawa inavuta kwa taabu zaidi. Kwa hiyo usiulize motere tu, fungua mlango usome karatasi.

Tukamwambia atafute katika ukoo wa 3500. Akatuletea picha mbili. Ya kwanza ina mipira miwili nyuma, karatasi yake kilo 1,800. Ya pili ina mipira minne nyuma, miwili miwili kila upande, karatasi yake kilo 2,400. Wengine kati yetu walisema ya kwanza inatosha, sababu 1,700 ni chini ya 1,800, na bei yake si kali. Ndipo profesa akatuomba tupime tena kwa sehemu 25 kwa mia, kama vitu vizito vikiwekwa mbele ya nyumba. Msumari unakuwa 1,500, na jumla inakuwa 2,000. Ile ya kwanza inashindwa. Ya pili inabaki na nafasi ya kilo 400. Tena mpira mmoja ukipasuka, jirani yake unashikilia kidogo, shofere apate kutoka barabarani.

Lakini tusifiche ubaya wake. Gari ya mipira minne nyuma ni pana, karibu metre 2.4, katika mji ni taabu kuipatia nafasi. Ikiwa tupu inarusha-rusha watu. Mipira ni sita, siku ya kubadilisha ni feza nyingi.

Urefu wa karoseri nao unatazamwa. Karoseri ndefu ina karibu metre 2.4, fupi ni metre 2. Ikiwa fupi, siku ya kugeuka kwa nguvu kona ya remorke inaweza kuvunja kioo cha nyuma cha gari. Kwa karoseri fupi wengi wanatumia sahani inayoteleza nyuma wakati wa kugeuka.

5. Mteremko

Sasa tunafika mahali penye hatari. Tuseme gari, watu na remorke ni tani 10, na mwendo ni kilometre 90 kwa saa, ndiyo metre 25 kwa sekunde. Nguvu ya mwendo ni nusu ya uzito mara mwendo mara mwendo: jule 3,125,000. Freni zinapaswa kuigeuza yote kuwa joto.

Katika milima ya Colorado, barabara kubwa inapita katika shimo la Eisenhower, lililofunguliwa mwaka 1973, karibu metre 3,400 juu ya bahari. Kule kuna miteremko ya 6 na hata 7 kwa mia. Tuchukue 6 kwa mia kwa kilometre 10: gari inashuka metre 600. Tani 10 mara 9.8 mara metre 600 ni jule 58,800,000. Ni kama kusimamisha gari ile kutoka mwendo wa 90 karibu mara 19, bila kupumzika! Upepo na mipira vinachukua sehemu, lakini nyingine yote, ukikanyaga freni tu, inaingia katika freni. Zinawaka moto, kiisha hazishiki tena.

Dawa yake ni hii. Kwanza, shuka polepole kwa vitesi ndogo tangu juu, usingoje katikati. Pili, uwe na freni ya motere, ile inayoziba moshi ili motere yenyewe izuie gari. Kamioneti nyingi za mazutu za siku hizi zinayo. Tatu, remorke iwe na freni zake za umeme, zinazoendeshwa kutoka kwa shofere. Nne, iwe na kamba ndogo ya chuma: remorke ikikatika, kamba inachomoa kifungo, na betri ya remorke inashika freni peke yake. Tano, gari ikiisha kupakiwa, ipelekwe kwenye mizani ya malori, ekseli kwa ekseli. Hesabu ya karatasi ni nzuri, lakini mizani haina upendeleo.

6. Mwisho wa habari

Mkubwa wetu hakuchukua gari ya kwanza. Zile dola 500 hazikurudi, na alisikia uchungu. Alinunua ile ya mipira minne nyuma, iliyotumika miaka kadhaa, na kwa sababu ya bei yake ilimbidi kungoja miezi mitatu zaidi mbali na jamaa yake. Kiisha akatuma karatasi ya mizani: msumari ulibeba kilo 1,260. Tulikuwa tumekosa kwa 60 tu! Na chini ya karatasi picha ya watoto watatu wamekaa kwenye ngazi ya nyumba yao.

Katika Luka sura ya 14, Bwana Yesu anasema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba aketi kwanza na kuhesabu. Zamani tulifikiri ni neno la feza tu. Sasa tunaona kwamba mtu anayehesabu kilo kabla ya kufunga safari anawapenda watu waliomo ndani ya gari. Nasi tunaojaza gari zetu hapa, magunia juu, watu juu ya magunia, tujiulize: kuna karatasi mlangoni, nani anaisoma?

Zoezi kwa wasomaji: Remorke ina kilo 5,000, na sehemu 20 kwa mia iko juu ya msumari. Karatasi ya gari inaruhusu kilo 1,500. Watu wanne ni kilo 240, sahani 90, vyombo 200. Je, waondoke ao wasiondoke? Kama hapana, washushe kilo ngapi, na kwa nini si vizuri kushusha hizo tu? Leteni majibu kwa darasa la sita kabla ya siku ya Alhamisi.