Besi Inayoimba: Chris Squire na Albamu za Yes

Waulize watu wamesikia nini kwenye wimbo: watakutajia mwimbaji, kisha gitaa la solo. Besi hawaitaji, ingawa ndiyo iliyowatikisa. Kwa bendi ya Yes ya Uingereza hali si hiyo. Pale besi iko mbele, na aliyeiweka mbele ni Chris Squire. Kati ya wapiga besi wote wa roki, huyu ndiye ninayempenda zaidi.

Squire alizaliwa London mwaka 1948, na utotoni aliimba kwaya kanisani. Naamini ufundi wake ulianzia huko. Kwenye kwaya, besi haipo kuzibeba sauti za juu tu. Ina njia yake, hupanda pale wengine wanaposhuka, na utamu wa wimbo hutokana na kupishana huko. Squire aliuhamishia ujuzi huo kwenye nyuzi nne.

Mwaka 1968 yeye na mwimbaji Jon Anderson waliunda Yes. Muziki wao huitwa roki ya progresivu: nyimbo ndefu zenye sehemu nyingi, mapigo yanayobadilika katikati ya safari, na mpangilio unaokaribia ule wa okestra. Katika muziki wa namna hiyo, mpiga besi anayerudia noti mbili tatu angepotea kabisa.

Gitaa lake la besi lilikuwa la aina ya Rickenbacker, alilolinunua mwaka 1965 akiwa kijana anayefanya kazi kwenye duka la ala za muziki. Lina vinasa sauti viwili, na Squire alitenganisha njia zake. Sauti nzito aliipeleka kwenye amplifaya ya besi ikiwa safi. Ile kali aliipeleka kwenye amplifaya nyingine na kuikwaruza kama gitaa la solo. Hakupiga kwa vidole vitupu. Alishika kipande kigumu cha kupigia nyuzi, na nyama ya kidole gumba ikagusa uzi papo hapo. Ndiyo maana kila noti yake ina ncha, lakini chini yake kuna uzito.

Ukitaka kumjua, anza na albamu ya Fragile ya mwaka 1971. Wimbo wa Roundabout unaanza kwa gitaa kavu la Steve Howe, taratibu, kisha besi inaingia kwa kasi na kuushika wimbo mzima. Nenda hadi Heart of the Sunrise. Baada ya vurumai ya mwanzo, vyombo vingi vinatulia, na besi inabaki ikitembea pamoja na ngoma za Bill Bruford huku kinanda kikinong'ona nyuma. Squire hana haraka. Anaisema kauli yake, anairudia, anaigeuza kidogo, na kila mara shinikizo linaongezeka. Albamu hiyo hiyo ina The Fish, ambamo karibu kila tuni na kila mdundo umetengenezwa kwa besi, sauti moja ikirekodiwa juu ya nyingine. Ni kwaya ya mtu mmoja.

Albamu iliyofuata, Close to the Edge ya mwaka 1972, ina nyimbo tatu tu, na ule wa kwanza unakaribia dakika 19. Kwangu hiki ndicho kilele chao. Vyombo vinapovutana kila kimoja upande wake, ifuate besi, nayo itakuonyesha wimbo unaelekea wapi.

Wanamuziki wa Yes waliingia na kutoka, na mwaka 1983 bendi ilipata wasikilizaji wapya kabisa kwa albamu ya 90125. Squire hakuondoka. Alipiga kwenye kila albamu ya studio ya Yes tangu ile ya kwanza ya mwaka 1969 hadi Heaven & Earth ya mwaka 2014. Alifariki Juni 2015 kwa saratani ya damu.

Usimsikilize kwa spika ya simu, kwani noti za chini hazitoki humo. Tafuta spika nzuri au vaa hedifoni. Mara ya kwanza sikiliza wimbo wote. Mara ya pili waache wengine, umfuate Squire peke yake mpaka mwisho. Ukishaizoea besi yake, utaanza kuwatafuta wapiga besi katika kila muziki unaoupenda, na wengi wao wanastahili kutafutwa.