Mhariri, Nipe Nafasi

Shairi la gazeti la Kiswahili huanza kwa hodi. Mtunzi humwomba mhariri nafasi, akishakaribishwa huwageukia wasomaji na kuwasalimu, ndipo anapotaja kilichomleta. Ubeti wa mwisho huaga: kaditama, tamati, kalamu naweka chini, jina langu fulani wa mahali fulani. Kati ya hodi na kwaheri humo mna kila jambo ambalo watu waliozoeana huambiana: uchokozi wa kirafiki, pole, ushauri wa ndoa, malalamiko ya bei ya unga, mafumbo, na hata swali la sarufi lililomkosesha mtu usingizi. Na wengi wa watu hawa hawajawahi kuonana uso kwa uso.

Kujibizana kwa mashairi ni jambo la zamani kuliko gazeti lolote. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alitunga beti za kuwachokoza watu wa Lamu siku za uhasama uliozaa vita vya Shela, na wa Lamu nao hawakunyamaza. Lakini jumuiya ya wapenzi wa mashairi wanaojuana kwa maandishi tu ilipata makazi ya kudumu katika Mambo Leo, gazeti la kila mwezi lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1923 na Idara ya Elimu ya serikali ya kikoloni ya Tanganyika. Serikali ilikusudia kueneza elimu na habari kama ilivyotaka yenyewe zieleweke. Wasomaji waliyapokea hayo, kisha ukurasa wa mashairi wakaufanya baraza lao. Wa Tanga alimchokoza wa Ujiji, wa Ujiji akajibu, na wa Dodoma akaingilia bila kualikwa. Jibu lilingojewa mwezi, pengine miwili, na watu walingoja. Shaaban Robert ni mmoja wa waliojipatia wasomaji humo. Mashairi hayo yalipendwa hata yakakusanywa katika vitabu vilivyoitwa Mashairi ya Mambo Leo. Yalipokuja magazeti ya Ngurumo na Uhuru upande wa Tanganyika, na Taifa Leo upande wa Kenya, yaliikuta desturi imekwisha kukomaa.

Utani huu una sheria, na sheria zake ndizo zinazoulinda. Anayemjibu mwenzake hutarajiwa kufuata bahari, yaani umbo la shairi, ileile, na wakali zaidi hudai hata vina viwe vilevile. Shairi la kawaida lina mishororo minne kwa ubeti, kila mshororo mizani 16, nane upande huu na nane upande ule. Kwa hiyo mwenye hasira hana budi kuhesabu. Neno lake la ukali likiwa na silabi tano na nafasi iliyobaki ni ya silabi nne, lazima alitoe atafute jingine, na katika kutafuta hasira hupungua, au angalau hupata adabu. Kaluta Amri Abedi, ambaye baadaye alikuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam na kisha waziri, aliziandika kanuni hizi katika Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kitabu kilichotoka mwaka 1954. Hadi leo mtu akibishana na mwenzake juu ya kina kilichoteleza, hawakawii kumtaja Amri.

Fumbo ndilo mchezo unaopendwa kuliko yote. Beti zifuatazo hazikutoka gazetini; zimetungwa hapa ili msomaji aone namna mchezo unavyokwenda. Tuseme mtu wa Pangani ameleta hili:

Nauliza wa mjini, na wa shamba msibaki,
Ni nani huyu mgeni, aingia na hatoki?
Hukaa kwetu nyumbani, hali chakula, hacheki,
Fumbo langu fumbueni, mjibu bila ya chuki.

Wiki inayofuata, wa Kondoa anafungua kwa kujiamini: "Huyo mgeni ni deni, wallahi sibabaiki." Amefuata vina, amefuata mizani, na kila mwenye daftari la dukani anaona kuwa amegonga penyewe. Lakini wa Mtwara hakubali. Deni, anasema, linakula sana, linakula mshahara wote. Jibu ni "picha ya ukutani". Hapo ndipo raha inapoanza. Wa tatu anamuuliza wa Mtwara ni picha gani isiyocheka, au kwao hupigwa picha siku za msiba tu? Wa nne anawasihi wapunguze makali, kisha naye anachomeka jibu lake katika ubeti wa mwisho. Mwenye fumbo ananyamaza makusudi. Akitoa jibu mapema ameharibu mchezo. Akichelewa mno ataambiwa hata yeye mwenyewe halijui.

Majina nayo ni sehemu ya utani. Mtunzi hujipa lakabu au hupewa, na lakabu ikishazoeleka jina la nyumbani husahaulika. K. H. A. Akilimali, aliyetoa Diwani ya Akilimali mwaka 1963, alijiita Snow-White, na kwa jina hilo wasomaji walimjua. Wengine hujinasibu na kwao: Ahmad Nassir alikuwa Malenga wa Mvita, Boukheit Amana akawa Malenga wa Vumba, Mwinyihatibu Mohamed akawa Malenga wa Mrima. Majina kama hayo ni dai. Ukijiita malenga wa mahali fulani, umewaalika wote wa huko wakupime, na watakupima.

Chipukizi hupimwa zaidi. Shairi lililokosa mizani au vina huitwa guni, na neno hilo linauma. Hata hivyo, ukifuatilia majibizano kwa muda utaona kwamba anayesahihisha mara nyingi hutaja ubeti wa ngapi, mshororo wa ngapi, na kina gani kilichotoka njia. Mtu aliyemdhihaki mgeni kwa beti tatu hutumia wa nne kumwonyesha namna ya kuponya mshororo wake, na wa tano kumkaribisha. Huo ni msaada mkubwa. Mkulima au karani ambaye hakupata nafasi ya kukaa darasa la ushairi anasomewa kazi yake neno kwa neno na watu waliobobea, bila ada, na mbele ya wasomaji wengine ambao nao wanajifunza. Mwandishi wa makala hii anaamini kwamba shule hii imewafunza watunzi wengi ambao majina yao hayamo katika silabasi yoyote.

Kisha yapo mashairi ya pole. Mtunzi akifiwa, wenzake huandika rambirambi, na rambirambi ya mshairi kwa mshairi ina uzito wake, kwa sababu mwandishi analazimika kukaa na huzuni ya mwenzake ubeti baada ya ubeti, akihesabu. Wanajua wanalofanya: Shaaban Robert mwenyewe alimlilia mkewe Amina kwa shairi, na wapenzi wake wameendelea kulisoma kwa vizazi. Ipo pia desturi ya kuulizana. Mtu aliyezoeleka akikaa kimya miezi kadhaa, hutokea shairi la kumtafuta: yu wapi fulani, ni maradhi, ni safari, au ametukasirikia? Pengine jibu huja kutoka kwake mwenyewe, kwa kicheko na kwa kuomba radhi. Pengine huja kutoka kwa jirani au mtoto wake, na likija hivyo wasomaji hujua habari kabla ya kufika ubeti wa pili.

Haya yote hayana maana kwamba jumuiya hii haijawahi kugombana kwa kweli. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, mashairi yake hayakufuata vina wala mizani, na moto ukawaka. Wanamapokeo, yaani watetezi wa vina na mizani, waliona mlango umevunjwa; mwaka 1984 Jumanne Mayoka alikipa kitabu chake jina la Mgogoro wa Ushairi na Diwani ya Mayoka. Upande wa pili, Mugyabuso Mulokozi na Kulikoyela Kahigi, waliotoa Malenga wa Bara, waliitetea haki ya mshairi kuchagua umbo lake. Kezilahabi hakukosea, Kichomi ni kitabu kizuri, na Kiswahili kina nafasi kwa aina zote mbili. Ila wanamapokeo walikuwa wakitetea jambo ambalo wasomi wengi hawakulitazama vya kutosha. Shairi huru linasomwa na kupendwa, lakini haliwaiti watu walijibu kwa namna ileile. Mtu wa Kondoa atashika wapi? Vina na mizani vilikuwa kamba aliyoishika kila mmoja upande wake.

Siasa nayo imewahi kuivuta kamba hiyo. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967 magazeti yalijaa beti za kulisifu, na mwaka uliofuata Mwalimu Nyerere aliwataka washairi walieneze. Mathias Mnyampala alikuza ngonjera, mashairi ya kujibizana jukwaani, na vitabu vyake vya Ngonjera za UKUTA vikatumika mashuleni. Ni kujibizana, lakini mshindi hujulikana tangu mwanzo: asiyeelewa huuliza, mjuzi humwelimisha, mwisho wote hukubaliana. Utani wenyewe ulipungua humo. Lamu mambo yalikwenda kinyume. Katika uchaguzi wa miaka ya 1974 na 1975, wafuasi wa wagombea walirushiana mashairi yaliyorekodiwa kwenye kaseti, yaliyokuja kujulikana kama Kimondo. Mmoja wa watunzi wake alikuwa kijana Mahmoud Ahmed Abdulkadir, anayejulikana kama Ustadh Mau, mwoka mikate ambaye baadaye alikuwa pia imamu. Kaseti ilitoka, jibu likatungwa, na mji ulisikiliza.

Kaseti ile ni mzazi wa kinachoendelea sasa katika simu. Makundi ya washairi ya WhatsApp yana watu wa Mombasa, Zanzibar, Tanga na wengine walioko Uarabuni na Ulaya, na desturi zimehamia huko karibu zote: hodi, lakabu, fumbo, guni, rambirambi, kaditama. Mhariri amepotea, mahali pake amekaa msimamizi wa kundi, na anaombwa nafasi kwa maneno yaleyale. Kimeongezeka kitu ambacho gazeti halikuweza kukibeba, yaani mahadhi. Mtunzi hughani shairi lake na kulituma kama sauti, na mwenzake anayempenda atalighani upya kwa sauti nzuri zaidi. Kilichopungua ni kungoja. Jibu linalotungwa kwa dakika kumi mara nyingi huonekana limetungwa kwa dakika kumi. Watu wanaopenda mchezo huu wangefanya vizuri kujiwekea muda, hata siku mbili tu, kabla ya kujibu. Mwezi wa Mambo Leo ulikuwa na faida yake.

Hatari kubwa zaidi ni kupotea. Simu ikiibiwa, majibizano ya mwaka mzima yanakwenda nayo. Beti za Muyaka zilisalia kwa sababu watu walizikariri, na kwa sababu Mwalimu Sikujua bin Abdallah wa Mombasa alizikusanya akisaidiana na mmisionari William Taylor. Zikachapwa kitabuni na William Hichens mwaka 1940, miaka 100 baada ya kifo cha mtunzi. Hata hivyo anayesoma diwani ile humsikia zaidi Muyaka akimjibu mtu ambaye maneno yake hayapo. Diwani nyingi za karne ya 20 zina upungufu huohuo: hukusanya mashairi ya mtu mmoja, na waliomchokoza hubaki nje ya jalada. Anayenakili leo beti za kundi lake daftarini aandike pia nani alianza, nani alijibu, tarehe ngapi, na fumbo aliweke pamoja na majibu yake yote, yaliyopatia na yaliyokosea.