Shisha ya Dubai haina njia Kampala

WANAWAKE wengi warudio Kampala kutoka Dubai au Muscat waliionja shisha hukohuko, kwenye migahawa ya leseni ambako mwanamke kuvuta hadharani hakumshangazi mtu. Hamu wanarudi nayo. Wengine, biashara ikiwa damuni, hurudi na chombo chenyewe sandukuni, katikati ya madera.

Hapo ndipo penye hatari. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya Uganda ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika Mei 2016, inakataza kuingiza na kuuza shisha, pamoja na tumbaku yenye ladha ya matunda. Tanzania nayo iliipiga marufuku Julai 2016, Kenya Desemba 2017. Kwa hiyo anayewaza kuupitisha mzigo huo Mutukula au Busia ajue anaweka mtaji wake rehani.

Chombo hiki si kigeni kwetu. Wazee wa pwani walikuwa na kiko: kifuu cha nazi chenye maji, tumbaku juu, na mlio wake wa kububujika. Labda ndiyo maana watu huamini maji huchuja sumu.

Hayachuji. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2005 kuwa kikao cha saa moja huweza kumwingizia mvutaji moshi mara 100 hadi 200 ya ule wa sigara moja. Mkaa wake hutoa hewa ileile inayoua waliolala na jiko chumbani, na kwa mjamzito humfikia hata mtoto tumboni.