Bampa la Winchi: Mvuto Unapitia Wapi

Bampa la winchi ni kifaa cha chuma kinene kinachofungwa mbele ya gari la porini mahali pa bampa la kiwandani. Katikati lina kitako cha kubebea winchi, na kando lina masikio ya kufungia pingu za kuvutia. Hulinda taa na rejeta dhidi ya visiki, lakini hiyo si kazi yake kuu. Kazi yake kuu ni kupokea mvuto wa kamba na kuufikisha kwenye chasisi bila kitu chochote njiani kupinda, kupasuka wala kung'oka.

Bonde la Ufa la kati lina sababu nyingi za kuhitaji kifaa hiki. Udongo wake mwingi ni majivu ya volkano na mawe mepesi yaliyorushwa na Menengai, Eburru na Longonot. Wakati wa kiangazi udongo huo huwa vumbi jepesi linaloweza kumeza gurudumu hadi kwenye ekseli. Mvua za masika zikifika, barabara za udongo za Molo, Olenguruone na Mau Narok, zinakopita viazi na maziwa, huteleza kama sabuni. Kandokando ya ziwa Elementaita, ukoko mweupe wa magadi hufunika tope ambalo kina chake hakijulikani mpaka gari liwe limeshazama. Tena kuna Rhino Charge, mashindano yanayofanyika tangu 1989 kuchangisha fedha za kuhifadhi misitu: yalichangia uzio wa Aberdare wa takriban kilomita 400 uliokamilika mwaka 2009, na baadaye ule wa msitu wa Eburru. Washindani hupewa saa 10 kufikia vituo vilivyotawanywa porini kwa njia fupi iwezekanavyo, na njia fupi mara nyingi hupita korongoni.

Hesabu huanza na winchi yenyewe. Kanuni inayofuatwa na wengi ni kwamba uwezo wa winchi uwe angalau mara moja na nusu ya uzito wa gari likiwa limepakiwa. Land Cruiser ya kilo 3,000 pamoja na mizigo inahitaji kilo 4,500. Winchi nyingi huuzwa kwa ratili: ile ya ratili 9,500 ni sawa na kilo 4,309, nayo inapungukiwa kidogo; ya ratili 12,000, yaani kilo 5,443, inatosha. Uwezo huo ulioandikwa hupatikana tu kamba ikiwa imebaki safu ya kwanza kwenye ngoma. Kila safu inayojikunja juu ya nyingine hupunguza mvuto.

Gari lililozama hadi katikati ya magurudumu hukinza kwa nguvu inayokaribia uzito wake lenyewe, na likizama hadi kwenye madigadi, ukinzani hufika mara mbili ya hapo. Kwa gari la mfano wetu hizo ni kilo 6,000, zaidi ya uwezo wa winchi. Dawa yake ni kapi: kamba hupelekwa kwenye mti, huzungushwa kwenye kapi, kisha ndoano hurudishwa na kufungwa kwenye bampa lilelile. Mvuto unaolifikia gari huwa karibu mara mbili. Hapa kuna jambo ambalo husahaulika katika karakana nyingi: bampa sasa linavutwa na winchi na pia na ncha ya kamba iliyorudi, kwa hiyo winchi ya kilo 5,443 inaweza kulibebesha karibu tani 11. Bampa lisanifiwe kwa mzigo huo, si kwa namba iliyobandikwa kwenye winchi.

Wateja wengi huuliza kwanza unene wa bamba, na swali hilo huwapotosha. Bamba la milimita 6 lina uzito wa kilo 47 kwa kila mita moja ya mraba; la milimita 4 ni kilo 31. Kitako cha winchi ndicho kinachohitaji milimita 6, kwa kuwa winchi hushikiliwa hapo na bolti nne tu, na bamba jembamba likipinda mwili wa winchi nao hupindishwa hadi ngoma ikwame. Mabawa ya pembeni hayabebi mvuto wowote, hivyo milimita 4 au hata 3 zinatosha. Bampa lililotengenezwa lote kwa milimita 6 huonekana imara barabarani, lakini kilo zilizoongezwa hazikuongeza nguvu mahali inapohitajika.

Nguvu inahitajika kwenye braketi, yaani vipande viwili vinavyounganisha bampa na ncha za chasisi. Braketi nzuri hukatwa kwa bamba la milimita 8 au 10. Haiishii kwenye uso wa ncha ya chasisi, bali hurudi nyuma ubavuni na kufungwa kwa bolti zilizopangwa kwa urefu, ili mvuto uzielemee bolti kwa upande badala ya kuzing'oa kwa kuzivuta. Pale braketi inapokutana na kitako huwekwa vibamba vya pembetatu. Bila hivyo, gari likivutwa kimshazari, kama inavyokuwa karibu kila mara korongoni, braketi ya upande mmoja hubeba takriban mzigo wote na kupinda. Matundu yaliyotobolewa kiwandani ndiyo ya kutumia kwanza. Likilazimika kutobolewa tundu jipya kwenye chasisi ya umbo la boksi, kipande cha bomba hupitishwa ndani na bolti ipite humo, la sivyo kuikaza kutabonyeza boksi. Kuchomelea bampa moja kwa moja kwenye chasisi hakufai: joto hudhoofisha chuma cha kiwandani, na siku bampa likipinda haliwezi kufunguliwa.

Bolti zitazamwe vichwani. Kwenye sanduku la duka la vyuma mjini Nakuru, bolti mbili za milimita 12 zinaweza kulala pamoja zikiwa na rangi moja na uzi uleule, moja ikiwa imechapwa 8.8 na nyingine 4.6 au bila namba yoyote. Ya 8.8 hukatika kwa upande ikibebeshwa takriban tani 4, ya 4.6 hukatika kwenye tani 2 hivi. Bolti nne za 8.8 kila upande zinatoa nafasi ya kutosha juu ya zile tani 11. Za 4.6, katika mvuto wa kimshazari, hazifiki hata mzigo huo, na tofauti ya bei haistahili kuzungumziwa.

Masikio ya pingu huwa ya bamba la milimita 20. Hayachomelewi juu ya uso wa bampa. Bampa hukatwa mwanya, sikio likapenya hadi kwenye braketi, likachomelewa pande zote mbili. Pingu ya kawaida ya tani 4.75 ina pini ya milimita 22, hivyo tundu la milimita 25 linatosha.

Ujenzi wenyewe huanza kwa katoni. Vipande vya kadibodi hukatwa na kujaribishwa mbele ya gari mpaka umbo likae sawa, taa zisizibwe na bawa lipande juu mbele ya gurudumu ili gari liweze kuparamia ukingo bila kugonga. Ndipo alama huhamishiwa kwenye chuma. Bamba hukatwa kwa gesi, plazima au grainda. Karakana isiyo na mashine ya kukunja huchonga mfereji kwenye mstari wa mkunjo, hukunja, kisha hujaza mfereji kwa kuchomelea. Vipande hushikizwa kwanza kwa nukta ndogo bampa likiwa limefungwa kwenye gari ili lisipotoke, kisha hufunguliwa na kumaliziwa chini. Kabla ya nukta hizo nyaya za betri huondolewa, na kishikio cha ardhi cha mashine hubanwa karibu kabisa na mahali panapochomwa, maana mkondo wake unaweza kuua kompyuta ya injini na alteneta.

Mafundi wengi wa jua kali hutumia vijiti vya E6013, kwa kuwa huwaka kwa urahisi hata kwenye mashine ndogo. Udhaifu wake ni kutopenya sana. Mshono unaweza kung'aa juu huku chini yake mabamba mawili yakiwa hayajashikana. Kwa bamba la milimita 6 kwenda juu, kingo zichongwe kwa mshazari, uachwe mwanya mdogo, na mshono upitishwe zaidi ya mara moja huku takataka ikisafishwa kila safari. E7018 hutoa mshono mgumu zaidi, lakini hudai kijiti kikavu na mashine yenye nguvu. Kijiti kilicholala wiki nzima kwenye kibanda chenye unyevu ni afadhali kisitumike.

Uzito wa mbele una gharama yake. Chukua bampa na winchi vyenye kilo 100, vikiwa sentimita 70 mbele ya ekseli, kwenye gari lenye mita 2.73 kati ya ekseli mbili. Ekseli ya mbele huongezewa kilo 126, na ya nyuma hupunguziwa kilo 26. Springi za zamani zitalala, kwa hiyo ngumu zaidi huhitajika. Kamba ya sintetiki badala ya kebo ya chuma huokoa kilo kadhaa, ingawa huchukia mchanga na kingo kali. Mdomo inakopitia kamba hiyo uwe wa alumini laini, si roli zilizokwaruzwa na kebo. Winchi pia isizibe rejeta: gari linalopanda kutoka Nakuru hadi Timboroa hupanda takriban mita 900 kwenye hewa nyepesi, na injini inayopoa vibaya huonekana huko kwanza. Umeme unahitaji nyaya nene za milimita za mraba 35 au zaidi na swichi ya kukatia, kwani mzigo kamili huweza kufyonza zaidi ya ampea 400.

Si kila gari linalofaa. Gari dogo lisilo na chasisi halina mahali pa kupeleka mvuto huo. Lenye mifuko ya hewa lina sehemu za mbele zilizopangwa kukunjamana ajalini, na karakana haina namna ya kupima mgongano. Sehemu hizo zikatwe tu pale bampa lililokwisha kupimwa na mtengenezaji linapowekwa badala yake.

Baada ya rangi, huku matundu ya kutolea maji yakiwa yameachwa chini ya kila kona iliyofungwa, bampa hujaribiwa kwa gari lingine lililofungwa breki kwenye mteremko mdogo, na kamba hukunjwa upya kwenye ngoma ikiwa na mvutano. Huko porini nanga huchaguliwa kwa uangalifu: mgunga mkubwa wa Naivasha hushika ukifungwa mkanda mpana chini kabisa ya shina, kichaka cha mleleshwa hung'oka, na euforbia, pamoja na ulaini wa shina lake, hutoa utomvu unaoweza kuunguza macho. Pasipo mti, gurudumu la akiba huzikwa. Bolti zote hukazwa tena baada ya mvuto wa kwanza mzito, na rangi ya kwenye mishono ya braketi hukaguliwa: ufa mwembamba wa rangi ndio dalili ya kwanza ya ufa wa chuma.