Waifai moja, ruta tatu: hama bila kukatika

Wadau, hii ni kwa wanaoshinda kafe na kwa wenye kafe zao. Mtu anapakia vyeti kwa simu aombe mkopo wa chuo. Anapanda ghorofani, waifai inakata, anaanza upya na dirisha la maombi linakaribia kufungwa. Tunalaumu kampuni ya intaneti, kumbe mara nyingi laini ni nzima. Tatizo ni ruta zilivyofungwa.

Tuelewane kwanza: anayeamua kuhama ruta ni simu yako, siyo ruta. Na simu ni king'ang'anizi. iPhone, kwa mfano, huanza kutafuta ruta nyingine mawimbi yakishuka chini ya -70 dBm, na hapo yameshachoka. Kwa hiyo kazi yetu ni kuirahisishia simu uamuzi. Mimi huwa nafanya hivi:

1. Jina moja, neno la siri moja na ulinzi wa aina moja (WPA2 au WPA3) kwenye ruta zote. Ukiita "Kafe1" na "Kafe2", simu inaona mitandao miwili.

2. Ruta moja tu igawe anwani za IP. Kwenye nyingine zima DHCP, zipe anwani zisizogongana (kama kuu ni 192.168.1.1, ya pili iwe 192.168.1.2), na waya uchomeke tundu la LAN, siyo WAN. Ukichomeka WAN, simu ikihama inapewa anwani mpya na ulichokuwa unatuma kinakatika.

3. Kwenye 2.4 GHz tumia chaneli 1, 6 na 11, kila ruta na yake. Hizo haziingiliani ukiacha upana kwenye 20 MHz.

4. Punguza nguvu ya mawimbi. Hapa ndipo wengi wanabisha! Ruta ya chini ikisikika mpaka ghorofani, simu haina sababu ya kuhama. Tena simu yenyewe ina sauti ndogo: inaisikia ruta vizuri, ila ruta haiisikii. Ndiyo maana unaona alama zimejaa na kurasa hazifunguki.

Ruta zikiwa na 802.11r, iwashe. Hiyo ilitoka 2008 na inafupisha ukaguzi wa usalama wakati wa kuhama. Ila jaribu kwanza, maana baadhi ya vifaa vya zamani hugoma kuunganika.

Na ukiweza, vuta waya badala ya kununua ripita ya bei rahisi. Yenye redio moja inapokea na kutuma kwa zamu, hivyo spidi inashuka karibu nusu.

Kupima: kwenye laptopu ya Windows andika ping -t 192.168.1.1, kisha tembea nayo toka chini mpaka juu. Jibu moja au mawili yakipotea, si neno. Yakipotea kumi mfululizo, rudi namba 2.

Aliyekwama aandike hapo chini ruta anazotumia, tusaidiane.